Msichana wa Kwa Nini

Ng'ambo ya barabara kutoka kibarazani nilipoweka cherehani yangu, pale Kibaoni, kulikuwa na karakana ya fundi seremala niliyemchukia kwa miaka mitano bila yeye kunikosea lolote. Watu walidhani ni kelele za msumeno. Wengine walidhani kuna la mapenzi, maana mwanamke akimkodolea macho mwanamume kila siku namna ile, watu hawana maelezo mengine. Haikuwa hivyo. Nilimwonea wivu kwa sababu ya makaratasi.

Makaratasi yenyewe yalikuwa katuni. Sisemi katuni za kukata gazetini. Hizo nilikuwa nazo mwenyewe, madaftari matatu yamejaa. Nasema michoro yenyewe, iliyochorwa kwa mkono kabla gazeti halijachapwa, yenye wino wa kweli na alama za kifutio. Mchoraji alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja. Na michoro ya mjomba wangu ilikuwa ikining'inia ukutani kwa mtu baki, kwenye fremu za mninga, mimi naitazama kwa mbali huku napiga pindo za sare za shule.

Mjomba alichorea gazeti moja la Dar es Salaam tangu miaka ya sabini mpaka themanini. Katuni yake ilitoka kila Jumapili, vipande vinne, na ilimhusu mtoto wa kike mwenye nywele za twende kilioni, tumbo mbele, gauni fupi. Katika vipande vitatu vya kwanza watu wazima wanafanya mambo yao ya watu wazima: wanapanga foleni ya sukari, wanamsikiliza balozi wa nyumba kumi, wanagombea siti ya basi. Kipande cha nne yule mtoto anainua uso na kuuliza, "Kwa nini?" Basi, hakuna zaidi. Hapa Ifakara nimewasikia watu wazima wakilitumia neno hilo dukani, wakiambiwa sabuni imekwisha, na duka zima likaangua kicheko kwa sababu wote walikuwa wameisoma.

Mtoto yule nilikuwa mimi. Mama ndiye aliyenieleza. Mjomba alikuja kwetu likizo nilipokuwa na miaka mitano, akakaa wiki mbili, na aliporudi Dar katuni ile ndipo ilipoanza. Nywele zilikuwa zangu, tumbo langu, na gauni lile mama alilishona kwa kitambaa cha pazia. "Ulikuwa unauliza mno wewe," mama alizoea kusema, "mjomba wako akashindwa kuvumilia, akakuchora." Nikakua nikijua kwamba nilikuwa mtoto mwenye akili za kuhoji, na sikumficha mtu jambo hilo.

Gazeti lilifika Ifakara kwa treni, siku mbili tatu zimeshapita, na mara nyingi lilinifikia limeshafungiwa maandazi. Nilikata katuni, nikaibandika daftarini kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Mende waliipenda sana gundi ile. Katuni ya kwanza kabisa nilikuwa nayo, ina doa la mafuta juu ya kichwa cha baba. Humo mjomba anarudi kutoka safari na mfuko. Kipande cha kwanza anampa baba shati. Cha pili anampa mama kanga. Cha tatu anampa kaka mpira. Cha nne mfuko mtupu uko sakafuni, na mtoto amenyoosha mikono miwili, anauliza, "Kwa nini?" Nilipokuwa darasa la sita mwalimu wetu wa siasa alitueleza kwamba mtoto yule ni mnyonge anayehoji ugawaji wa mali. Nilikuwa nimekaa dawati la mbele, masikio yakapata moto kwa fahari.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mjomba alistaafu akarudi. Hakurudi Mahenge kwa wazee. Alijenga Katindiuka, nje kidogo ya Ifakara, akalima mpunga, na katika vitu alivyokuja navyo kulikuwa na sanduku la bati la rangi ya kijani. Nikaenda kumwamkia.

Nieleze kidogo jinsi nilivyolelewa, maana hapo ndipo penye ugonjwa wangu. Nilisomeshwa ushonaji na masista, na pamoja na ushonaji walinifundisha kutoomba. Mtoto mwenye adabu haombi, walisema, hupewa. Ukikitazama sana chakula cha mwenzako ulipigwa rula ya vidole. Kwa hiyo nilipofika kwa mjomba nilipiga goti, nikasema shikamoo, nikakaa kwenye mkeka miguu imekunjwa vizuri. Mjomba akalivuta sanduku, akalifungua mbele yangu.

Maisha yangu yote nilidhani gazeti ndilo katuni yenyewe. Sasa nikaona kitu kikubwa mara tatu ya ile niliyoijua, kwenye karatasi ngumu, wino mweusi umekolea mpaka unang'aa. Chini ya wino kulikuwa na mistari ya penseli ya bluu, ambayo mjomba alisema kamera ya kiwanda cha uchapaji haiioni. Palipokosewa pamepakwa rangi nyeupe, na unaweza kuona alikuwa amekosea nini: mkono wa balozi ulikuwa mrefu kwanza, ndipo ukafupishwa. Mahali pengine maneno yalikuwa kwenye vijipande vya karatasi vilivyobandikwa juu.

"Hivi ni nini, mjomba?" niliuliza.

"Mhariri huyo. Maneno yakimkera anairudisha kazi. Mimi naandika mengine kwenye kipande, nabandika juu ya yale ya mwanzo. Gazetini huwezi kujua."

Akachambua mpaka chini kabisa, akaitoa ile ya kwanza, ya mfuko. Niliona kidole gumba chake kimeacha alama ya wino pembeni, miaka ishirini iliyopita. Mtoto aliyenyoosha mikono alikuwa mkubwa kama kiganja changu.

"Unaionaje?"

"Nzuri, mjomba."

"Nzuri tu?"

"Nzuri sana, mjomba."

Nilitaka kuikwapua nikimbie nayo mpaka Kibaoni. Nilikunja mikono yangu mapajani, moja juu ya nyingine, kama nilivyofundishwa. Mjomba alinitazama kwa muda, karatasi mkononi. Kisha akairudisha, akafunga komeo, akaniuliza mpunga wa mama kule Michenga umefikia wapi.

Nilikwenda tena na tena. Nilimpelekea mchele mpya na kambale wa kukausha, nilimshonea suruali mbili na shati la kanisani, na kila nilipokwenda alifungua sanduku na kuniuliza naionaje, nami nikasema nzuri. Nilikuwa nangoja kupewa. Niliona ni suala la muda tu, kwani atampa nani mwingine? Watoto wake wako Dar na hawajali. Mpwa ni mimi, na katuni ni mimi.

Ndipo akaja fundi.

Fundi alikuwa Mngoni wa Songea, mtu wa makamo, na mjomba alimwita amtengenezee milango. Sisi Wapogoro na Wangoni ni watani. Babu zetu waliwahi kuuana, halafu wakakubaliana kwamba kuanzia hapo watapigana kwa midomo tu, na imekuwa hivyo. Mtani anakutukana na hukasiriki; anachukua kitu chako na humdai, nawe siku yako utachukua chake. Niliyajua hayo kama mtu anavyojua mambo ya wazee. Sikuwahi kufikiri kwamba yananihusu.

Nilikuwa nimekaa pale mkekani Jumamosi moja alipoegesha baiskeli yake.

"Wewe Mpogoro, bado hujafa tu? Mbao za jeneza lako zinaliwa na dumuzi kwangu."

"Nitakufaje," mjomba akajibu, "wakati njaa yako yote inanitegemea mimi? Babu zenu walikimbia kutoka kusini mpaka pumzi ikawaishia mlangoni kwetu. Hamjaondoka mpaka leo."

Sikuwahi kumwona mjomba na uso ule. Alikuwa na furaha kama kijana. Fundi hakukaribishwa kuketi, aliketi. Sanduku lilikuwa wazi, naye akaingiza mkono wenye maranda mpaka chini, akatoa ile ya mfuko. Ile ile.

"Hii naondoka nayo. Nitafunikia mtungi wa pombe."

"Mwizi wewe."

"Mwizi wa haki."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Nilingoja amwambie aache mchezo. Hakumwambia. Badala yake aligeuka akanitazama mimi, ananitazama tu, wakati fundi anaikunja ile karatasi taratibu na kuifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nilitabasamu kwa adabu mpaka mashavu yakauma.

Jumatatu ilikuwa ukutani kwake, imeshanyooshwa, imewekwa kwenye fremu ya mninga iliyopigwa msasa vizuri kuliko kitanda chochote alichowahi kuuza. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano na nikashindwa kuona tundu.

Tangu siku hiyo, kila baada ya mwezi au miwili, baiskeli ilikwenda Katindiuka na kurudi na karatasi moja nyuma. Nilizihesabu. Ya foleni ya sukari. Ya balozi. Ya kuku aliyeingia ofisini. Alizitundika ukutani juu ya benchi, wateja wakawa wanazitazama huku wakingoja vitanda vyao, wananyoosha vidole, wanacheka. Walikuwa wananicheka mimi, na hawakujua kwamba nipo mita kumi tu, na futi kamba shingoni. Niliwahi kumwambia mteja mmoja kwamba mtoto yule ni mimi. Akanitazama tumbo, akasema, "Kweli."

Nikawa mtu mbaya. Nilisema vitanda vya fundi havimalizi mwaka, wakati mimi mwenyewe nililalia kitanda chake na hakikuwahi hata kulia. Aliniletea koti lake lililochanika kwapani. Nikalishona kwa uzi mwekundu, makusudi, kwenye kitambaa cha kijivu. Alilivaa kanisani Jumapili na kuwaonesha watu jinsi nilivyomtia urembo. Usiku wa manane sikuwa na shida, nililala vizuri. Shida yangu ilianza saa mbili asubuhi akifungua milango na ule ukuta ukaonekana.

Jirani yangu wa kibarazani, mama muuza vitumbua, ndiye aliyenipa jina la ugonjwa. "Wewe mwenzangu," alisema akigeuza vitumbua vyake, "una roho ya kwa nini." Kwetu mtu akiona riziki ya mwenziwe akajiuliza kwa nini yeye, kwa nini si mimi, huyo ndiye mwenye roho ya kwa nini. Mama yule hakujua kusoma wala hakuwa na habari na katuni. Nilicheka ingawa sikutaka, halafu nikanuna siku nzima.

Kila asubuhi nilimwamkia fundi. "Shikamoo, fundi." Meno yamebana. "Marahaba, binti," alijibu, na kila mara alisimama kidogo, randa mkononi, kama anayengoja kitu kingine, kabla hajaendelea na kazi. Siku moja alivuka barabara, akakwapua kipande cha satini mezani kwangu, akasema, "Hiki nakwenda kufutia jasho, nikimaliza nitakirudisha kwa mchungaji wa mbuzi, maana Wapogoro hamjui kukitumia." Nilisimama nikamwambia, "Naomba urudishe tafadhali, ni cha mteja." Alikirudisha. Alikikunja vizuri kabisa na kukiweka mahali pake, akavuka kurudi kwake. Nilijisikia nimeshinda.

Mjomba alifariki wakati wa mavuno, baada ya kuugua siku chache. Fundi alitengeneza jeneza. Alikataa msaada, na nilimwona kutoka kwangu akipanguza macho kwa mkono wenye maranda, nikamwonea wivu hata kwa machozi yale, kwa kuwa yangu yalikuwa hayajatoka.

Msibani watani wana kazi yao, na aliifanya. Alivaa kofia ya mjomba na miwani yake, akatembea mbele ya waombolezaji kwa mwendo wa mjomba, kiwiko nje, anachora hewani kwa kijiti na kufuta kwa mate. Watu walicheka huku wanalia. Mke wa mjomba alicheka mpaka akashikwa. Kisha fundi akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati kichwani, akaenda kulikalia barabarani.

"Halirudi ndani hili mpaka nione kuku," alitangaza.

Huo ndio utaratibu. Mtani anakamata kitu cha marehemu, ndugu wanakikomboa kwa kitu kidogo, watu wanacheka, na msiba unakuwa mwepesi. Mke wa mjomba aliniita jikoni, akanipa kuku jogoo aliyefungwa miguu. "Nenda ukalikomboe sanduku lake," alisema. "Makaratasi hayo ni wewe peke yako uliyekuwa ukija kuyatazama. Likirudi, kaa nalo wewe."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi. Yote yalikuwa mikononi mwangu. Hatua thelathini kutoka jikoni mpaka barabarani, kuku mmoja, na tusi moja dogo.

Nilitembea na kuku wangu, watu wakanipisha. Fundi alikuwa amekaa juu ya sanduku, kofia ya mjomba imemwangukia usoni. "Ahaa," akasema, "Msichana wa Kwa Nini amekuja. Kuku ndiye huyu mmoja? Mjomba wako alistahili wawili, hata kama wa pili ni kilema."

Watu walicheka, wakageuka kwangu kungoja jibu. Kilichonijia ni ule ukuta, miaka minne ya ule ukuta, na sasa nimetumwa nimpelekee kuku mtu huyu ili anipe kilicho changu. Vitu vyangu. Mimi mwenyewe, kwenye karatasi.

"Chukua," nikasema. "Kaa nalo. Ulishazoea kuchukua."

Mtu mmoja nyuma yangu aliguna. Fundi alivua kofia.

"Usiseme hivyo, binti," alisema kwa sauti ya chini. "Nitukane tu. Halafu nipe kuku."

"Nimesema chukua."

Nikageuka, nikarudi jikoni na kuku. Baba yangu mdogo alinifuata mpaka mlangoni, akaniambia bila ukali, "Umeshalitoa." Neno likishasemwa kwa mtani mbele ya msiba limesemwa, hakuna ndugu mwingine anayeweza kwenda kulikomboa sanduku juu yako. Fundi alikaa juu ya lile sanduku mchana wote. Alikuwa akiangalia mlango wa jikoni. Watu walipoanza kutawanyika alilifunga kwenye baiskeli yake, akaikokota, hakuipanda. Kuku aliliwa siku hiyohiyo na mimi sikuonja.

Mwaka mzima ulipita. Fundi aliongeza fremu ukutani zikafika kumi na mbili, na lile sanduku la kijani nililiona chini ya benchi lake. Mimi niliacha kumwamkia. Nilijiambia ni yeye aliyenidhulumu, na nilipowasimulia watu habari ya kuku sikuitaja.

Kisha siku moja akaja mgeni, mtu wa mjini kwa mavazi yake, akasimama karakanani kwa muda mrefu akitazama ukuta. Hakucheka kama wateja. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena. Niliacha kushona. Nikamwona fundi anapanda juu ya kigoda, anaishusha ile ya kwanza, anaigeuza benchini, anang'oa misumari ya nyuma ya fremu ili mgeni aione vizuri. Mgeni aliishika kwa ncha za vidole, akasema jambo, fundi akatikisa kichwa, mgeni akasema tena, kisha akaondoka akionesha kwa mkono kwamba kesho atarudi.

Nilijua basi kwamba inaondoka. Mpaka siku hiyo angalau nilikuwa naitazama. Nilimwachia mama wa vitumbua cherehani, nikaenda nyumbani, nikakamata jogoo wangu wa pekee, nikavuka barabara naye chini ya kwapa.

Fundi aliinua macho kutoka kwenye randa. Akamtazama kuku. Akanitazama mimi.

"Kuku wa mwaka jana huyo?"

"Nimekuja kukomboa."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika benchi, na hakukuwa na ubaya wowote ndani yake. "Kukomboa ni siku ile ile," alisema. "Baada ya hapo mtani hakombolewi, anaibiwa. Kwani wewe si Mpogoro?"

"Ni Mpogoro."

"Mama yako Mpogoro, baba yako Mpogoro. Mimi Mngoni. Mlango wangu huu tangu asubuhi mpaka jioni uko wazi, na wewe uko pale." Akanyoosha patasi kuelekea cherehani yangu. "Miaka mitano nangoja uingie uning'olee hizi picha ukimbie. Ukiniita mwizi nitafurahi. Badala yake shikamoo, shikamoo, kama unamwamkia askofu."

"Nilidhani unaziuza."

"Nimemwambia yule bwana si zangu. Ni za mtani wangu, namngojea azikwapue. Alitaka tu kuona maneno yalivyobandikwa, nikamfungulia."

Ile karatasi ilikuwa imelala benchini kati ya maranda, nje ya fremu, kwa mara ya kwanza karibu yangu tangu mkeka wa Katindiuka. Nikamweka kuku chini. Niliitazama kipande kwa kipande: shati, kanga, mpira. Kwenye kipande cha nne "Kwa nini?" ilikuwa kwenye kijikaratasi kilichobandikwa, ambacho gazetini hakikuonekana na kwa mbali ng'ambo ya barabara nisingekiona kamwe. Gundi ilikuwa imekauka, pembe moja imeinuka. Nilichomoa sindano niliyoichomeka kifuani, nikaiingiza chini ya ile pembe, nikainua.

Chini yake kulikuwa na mwandiko wa mjomba, wino ule ule, herufi ndogo za mtoto.

"Na mimi?"

Nilisoma mara moja tu na likizo yote ikanirudia. Mfuko ulikuwa wa turubai. Shati la baba lilikuwa la mistari. Mpira ulikuwa mwekundu, na kaka alishaanza kuupiga ukutani. Nilikuwa nimesimama kati ya watu wazima nimenyoosha mikono miwili, na sikuwa nahoji ugawaji wa mali yoyote. Nilikuwa nataka. Wiki mbili nzima, kila alichopewa mtu, ndilo neno nililokuwa nikisema, na mama alilibadilisha kama mhariri alivyolibadilisha, ili liwe neno la kupendeza.

"Hukujua?" fundi akauliza.

Nilikibonyeza kile kijikaratasi, kikainuka tena.

"Mimi alinieleza siku ya milango. Alisema, mpwa wangu anakuja, namwonesha, namngojea aseme neno lake, anasema nzuri. Kila nilipokwenda kwake, wimbo wake ni huo huo. Amesema nzuri tena."

"Sasa wewe ulizichukua kwa nini?"

"Alinituma. Alisema, chukua mbele yake, labda litamtoka. Nikamuuliza nianze na ipi, akasema anza na ile ya mfuko, hiyo hawezi kuivumilia." Alipuliza maranda kutoka kwenye randa yake. "Ukatabasamu. Jioni ile hakula. Mficha uchi hazai, mtani wangu."

Niliichukua. Sikuaga, sikushukuru, maana mwizi haagi, nikatoka nayo nimeibana kifuani, kile kijikaratasi kinapepea. Nilipofika katikati ya barabara nikageuka. Ukutani zilikuwa zimebaki kumi na moja, na chini ya benchi lile sanduku. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, kuku wangu anamzunguka miguuni, na alikuwa ananitazama kama mjomba alivyokuwa akinitazama na karatasi mkononi.

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, mama wa watoto wawili, mteja wangu mmoja amekaa kibarazani anangoja sketi yake. Nilirudi mpaka mlangoni pa karakana, nikanyoosha mikono miwili, nikalisema neno langu kwa sauti, mwaka mmoja baada ya kumzika aliyekuwa akilingoja.